Fomu ya Msiba

Bodi iliponiteua kuwa meneja wa chama chetu cha wakulima wa kahawa, nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku tano kule Mwanza kuhusu namna ya kuongoza mabadiliko kazini, na nasema bila kuficha kwamba nilikuwa mtu wa kuogopwa. Nilikuwa na cheti. Nilikuwa na daftari lililojaa mishale inayotoka kushoto kwenda kulia, maana mwezeshaji wetu alitufundisha kwamba mabadiliko huanzia kushoto. Nilinunua hata kalamu za rangi nne.

Chama chenyewe kiko wilayani Ngara, kwenye vilima vya upande wa Nyakisasa, na jina lake sitalitaja kwa sababu wanaokiongoza sasa hawana kosa. Tulikuwa wafanyakazi ishirini na watatu: watu wa mashine ya kukoboa, akina mama wa kuchambua kahawa, karani mmoja wa ofisi, mlinzi, mtunza ghala, na mimi. Mimi si mtu wa huko. Kwetu ni Biharamulo mjini, ukoo wa wafanyabiashara Waislamu ambao babu yao alipanda kutoka pwani na marobota ya vitambaa akasahau kurudi. Kila Ijumaa nilikwenda nyumbani kumwona mama, na kila Ijumaa mama aliwaambia wageni wake kwamba mwanawe ni mkurugenzi. Nilimsahihisha mara mbili, kisha nikazoea.

Kwenye semina tuliambiwa kwamba kila mahali pa kazi pana watu wa aina tatu: wanaovuta mbele, wanaofuata, na wanaorudisha nyuma. Hao wa mwisho watambuliwe mapema. Mimi nilimtambua wa kwangu Jumatatu ya kwanza, kabla ya chai. Alikuwa mtunza ghala.

Alikuwa mzee anayekaribia sitini, mwembamba, wa suti ya kaki, aliyeshika funguo za ghala tangu lilipojengwa. Akitumbukiza mkono kwenye gunia anakwambia kahawa hii ianikwe siku ngapi zaidi, na ukileta kipimo cha unyevu kinakubaliana naye. Kwa hayo sikuwa na ugomvi. Ugomvi wangu ulikuwa na simu yake. Mzee huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa mazishi pale kijijini, na mtu akifariki alipigiwa yeye kabla hata ya katekista. Hapo aliweka kalamu chini, akafunga ghala, akachukua jembe lililokaa nyuma ya mlango, akaondoka. Akishaondoka yeye, mashine inazimwa, akina mama wanajifunga khanga zao upya, karani anatafuta kitambaa cha kichwa, na kufikia saa nne chama kizima kiko makaburini. Hakuna aliyeomba ruhusa. Meneja aliyenitangulia alikuwa akienda nao, tena akibeba dumu la maji.

Kilichoiudhi bodi ni lori. Lori la mnunuzi lilikuja kutoka Rusumo kuchukua kahawa, likakuta geti limefungwa. Dereva alisubiri mpaka saa sita, akauliza, akaelekezwa makaburini, akaenda. Huko alikuta watu wanahangaika na udongo, akapokea beleshi, akafukia, akala ndizi na maharage, na kesho yake akapakia mzigo akaondoka hana kinyongo na mtu. Lakini mnunuzi hakuzika wala hakula. Aliandika barua kali, bodi ikanisomea barua hiyo neno kwa neno, na mwenyekiti akaniuliza ile semina ilikuwa ya nini.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Fomu ya Ombi la Ruhusa ya Msiba. Niliichora mwenyewe kwa siku mbili na nikaipenda. Ilikuwa na jina la mwombaji, jina la marehemu, tarehe na saa ya mazishi, na visanduku vya uhusiano: baba, mama, mume au mke, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Asiyekuwamo kwenye visanduku hazikwi saa za kazi. Chini kabisa niliandika kwa herufi nzito kwamba ombi lifike kwa meneja saa ishirini na nne kabla ya mazishi, na kwamba atakayeondoka bila fomu iliyosainiwa atapewa barua ya onyo. Barua tatu, kazi imekwisha, bila majadiliano. Hayo maneno ya bila majadiliano ni yangu. Bodi haikuyaomba.

Zile saa ishirini na nne niliziona ni za ukarimu. Majirani zetu pale wengi ni Wakristo, na msiba wao hungoja: kaka yuko Kahama, binti yuko Dar es Salaam, shangazi yuko ng'ambo ya mto Kagera na hana karatasi za kuvukia. Siku mbili, siku tatu, muda upo. Kwetu sisi mtu akifariki alfajiri, alasiri yuko ardhini. Nimekulia ndani ya desturi hiyo na sikuikumbuka hata dakika moja. Fomu nilikuwa nawaandikia watu wengine, na mtu anayeandikia wengine fomu hajioni akiijaza.

Niliitambulisha kwenye mkutano, kwa mishale. Nikauliza kama kuna swali. Mama mmoja wa kuchambua kahawa akainua mkono, akauliza kwa adabu kubwa, "Meneja, hii tunajaza sisi au anajaza marehemu?" Watu wakacheka, nami nikaandika kwenye daftari langu: dalili za upinzani.

Taabu ilianzia kwenye visanduku. Fundi wa mashine alijaza fomu ya kumzika baba yake, nikaisaini nikampa pole. Baada ya wiki tatu akaleta nyingine, baba tena. Nikamwita ofisini nikafunga mlango.

"Baba yako si alifariki mwezi uliopita?"

"Huyo alikuwa mkubwa," alisema. "Huyu ni mdogo."

"Na aliyekuzaa?"

"Huyo yupo. Amekutumia salamu."

Kwa Wahangaza, wenyeji wa pale, kama ilivyo kwa watu wengi tu, ndugu wa baba ni baba, na mtu aliyetoka kwenye ukoo mzuri anaweza kuwa na baba saba bila kosa lolote. Nikaongeza kwenye fomu maneno "mzazi aliyekuzaa mwenyewe". Akina mama walicheka kutwa nzima. Mmoja alinisimamisha uwanjani akaniuliza kama na kadi ya kliniki ya marehemu iambatishwe. Nami nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nililifikiria wazo hilo kwa dakika kadhaa.

Mtunza ghala hakucheka wala hakubisha. Hakujaza tu. Wiki ya pili simu yake ililia, akaweka kalamu, akafunga ghala, akachukua jembe. Jioni yake nilimfuata ghalani na barua ya onyo nimeishikilia kwa nyuma, maana nilikuwa na mashaka kama inafaa kumpa mtu shikamoo na barua ya onyo kwa mkono mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za Biharamulo?"

"Nzuri. Nina barua yako hapa."

Alivaa miwani, akaisoma yote, mpaka pale panaposema nakala kwa bodi. "Aliyezikwa alikuwa jirani yangu," alisema.

"Jirani hayumo kwenye fomu."

"Ndiyo, nimeona hayumo." Akachukua kalamu akasaini. "Kosa basi ni la fomu. Lakini wacha nisaini mimi, fomu haina mkono."

Barua ya pili ilikuja baada ya miezi miwili. Safari hii aliyefariki alikuwa mwalimu aliyewafundisha watoto wake wote kusoma. Aliniuliza kama mwalimu yumo, nikamwambia hayumo, akasema, "Ungemwongeza." Akasaini. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na taratibu zetu zilikuwa wazi kwamba aliyefukuzwa kazi huondoka kama alivyo, bila kiinua mgongo. Mke wake alikuwa mgonjwa wa miguu, na nyumba yao ilikuwa nusu bati nusu turubai, ikisubiri huko kustaafu. Yote haya niliyajua. Nilimwambia, nikiwa nimekaza sauti, kwamba iliyobaki ni moja. Akaniambia anajua kuhesabu, ni mtunza ghala.

Kwenye karatasi, mabadiliko yangu yalifaulu ajabu. Saa za kazi ziliongezeka, geti halikufungwa tena, na nilichora mstari unaopanda, kwa rangi ya kijani. Kitu ambacho mstari hauonyeshi ni kwamba siku ya msiba wakulima nao wako msibani. Zamani tulikuwa tunafunga, nao hawapo, na hakuna aliyemkosa mwenzake. Sasa tulikuwa tunafungua. Mashine ilikuwa tayari, mizani iko wazi, karani amenyoosha kitabu, na sisi wote tumekaa kwenye mabenchi kwa uaminifu mkubwa tukiwasubiri watu waliokuwa wanazika. Tulisikia nyimbo zao zikipita barabarani. Akina mama wa kuchambua, wasio na cha kuchambua, waliitikia kwa chini. Mimi nilikaa ofisini nikijumlisha saa hizo kwenye ripoti.

Mwenyekiti wa bodi alifurahi mno. Aliniomba niandae maelezo ya kuvifundisha vyama vingine.

Jumatano moja, saa moja na nusu asubuhi, nikiwa nayaandaa maelezo hayo, dada yangu alinipigia. Alisema mama ametangulia. Alikuwa ameswali alfajiri, akaomba maji, akalala, na maji hakuyanywa. Dada alisema watu wameshaanza kukusanyika, kaburi linachimbwa, tutamzika baada ya alasiri, nije. Nikasema nakuja. Nikasimama, nikakaa tena, nikasimama. Nilipotoka karani aliniona usoni akauliza kuna nini.

"Mama amefariki."

Aliinuka akaweka mikono kichwani. Halafu akafanya kitu ambacho sikukielewa wakati ule: aligeuka akaitazama droo ya fomu. Mimi nikachukua pikapu ya chama, nikaondoka. Sikujaza chochote. Sikukumbuka hata kwamba kuna kitu cha kujaza.

Nimeuliza mara nyingi moyoni kwa nini siku ile niliitazama barabara kiasi kile. Mdogo wangu ana duka la vifaa vya ujenzi, na nusu ya soko la Biharamulo ilikuwa uani kwetu kwa ajili yake, pamoja na wateja wake wa kutoka Nyakahura. Dada yangu ni mkunga, na wauguzi wenzake walikuja na sare zao. Mimi nilisimama pale mlangoni, mkurugenzi wa mama yangu, peke yangu kabisa. Hata dua ilipokuwa ikisomwa macho yangu yalikuwa barabarani. Baba yangu mdogo, ambaye hamaanishi ubaya kamwe, aliniuliza wa ofisini kwangu wamefikia wapi. Nikamjibu kwamba wana kazi nyingi. Ni kweli walikuwa nayo, mimi ndiye niliyewapa. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto, na niliwakasirikia, Mungu anisamehe, niliwakasirikia wao.

Tulipokuwa tunalitoa jeneza, pikipiki ya kukodi ilisimama kando ya ukuta na akashuka mtu mwekundu kwa vumbi kutoka nywele hadi viatu. Alikuwa mtunza ghala. Hakuja kwangu. Alijipangusa uso kwa kiganja, akaungana na wanaume, na zamu ilipomfikia akatia bega chini ya jeneza. Wakati wa swala alisimama pembeni amevua viatu, ingawa hakuna aliyemwambia avue. Na tulipomaliza kutia udongo kwa mikono, alimgusa binamu yangu aliyekuwa amechoka, akachukua beleshi, akafukia kwa mwendo ule ule mmoja wa mtu aliyefukia wengi, mpaka kaburi likakaa sawa. Wazee wa kwetu waliulizana huyu ni ndugu wa upande gani.

Ndipo akaja kunishika mkono. "Pole, mwanangu. Udongo wa huku ni mgumu."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Nimeacha kahawa juani, wacha niwahi." Akapanda pikipiki akaondoka, safari ya saa kadhaa, bila kunywa hata maji.

Nilirudi kazini Jumatatu. Mezani kwangu kulikuwa na fomu ishirini na moja. Zilipangwa vizuri, zimebanwa kwa pini. Wote walikuwa wamejaza, kuanzia mlinzi hadi karani mwenyewe. Kwenye jina la marehemu waliandika "Mama yake Meneja", maana jina lake hakuna aliyelijua, sikuwahi kuwaambia. Kwenye uhusiano wengi waliweka alama kwenye kisanduku cha mama. Fundi wa mashine aliona kisanduku kinambana, akaongeza kwa kalamu: mama, ingawa hakunizaa. Saa ya mazishi: leo, alasiri. Saa ya kuleta ombi: leo, saa mbili asubuhi. Na juu ya kila fomu, kwa kalamu nyekundu, kama nilivyomfundisha, karani alikuwa ameandika: haijakidhi saa ishirini na nne, na mtia saini hayupo.

Karani aliniambia walisimama getini wamevaa tayari mpaka saa sita. Mtu mmoja alikuwa ameshatafuta gari. Wakanipigia simu nisaini kwa mdomo, lakini simu yangu ilikuwa imezimwa. Kila mmoja alikuwa na barua moja au mbili tayari, na kila mmoja ana watoto. Saa sita na nusu wakavua khanga nzuri wakarudi kuchambua kahawa. "Tuliogopa, meneja," alisema karani, na akaanza kulia, nami nikakaa namtazama kwa sababu sikujua ni nani kati yetu anayepaswa kumpa mwenzake pole.

Mchana katibu wa bodi alipiga simu. Alinipa pole ndefu na nzuri, kisha akasema ripoti ya mwezi inasubiriwa, na kwamba amesikia mtunza ghala aliondoka Jumatano bila ruhusa. Hiyo itakuwa ya tatu, siyo? Nikasema nitaangalia. Alisema tena, kwa upole, kwamba mabadiliko yakianza kuchagua watu yanakufa. Hiyo ilikuwa sentensi yangu, kutoka kwenye maelezo yangu.

Nikakaa nikafikiri, na kwa mara ya kwanza tangu niwe meneja nikafikiri kama mtu mwenye akili, yaani nikaamua kudanganya. Nilichukua fomu tupu, nikajaza jina la mtunza ghala, jina la marehemu, tarehe ya mazishi Jumatano. Kwenye tarehe ya ombi nikaandika Jumanne, saa tisa alasiri. Nikasaini, nikaandika Jumanne tena chini ya saini, nikapiga muhuri. Saa ishirini na nne kamili, na moja ya ziada. Ilikuwa fomu safi kuliko zote zilizowahi kupita pale. Nikamwita.

"Shikamoo mzee. Saini hapa, mambo yaishe."

"Marahaba." Alivaa miwani. Alisoma kama kawaida yake, kutoka juu, bila haraka, kidole kikifuata mstari. Kidole kikasimama.

"Hii ni ya Jumanne."

"Ndiyo."

"Jumanne mama yako alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Uliongea naye?"

Nikamwambia ndiyo, jioni, kwenye simu. Aliniuliza kama nimekula, nikamwambia nina kazi, nitampigia kesho.

Alivua miwani akaikunja. "Basi usimuue Jumanne kwa ajili yangu," alisema. Aliirudisha fomu mezani, akaigeuza inielekee mimi. "Niandikie barua yangu ya tatu nisaini. Nina kahawa nje, na mawingu yale siyapendi."

Akatoka. Nilimwona dirishani akiwaita akina mama wakusanye kahawa, wakikimbia na maturubai, na nikalia hapo hapo kwenye kiti cha meneja, mlango wazi, saa za kazi.

Barua ya tatu sikuiandika. Niliandika kwa bodi, kuomba fomu ifutwe. Walinijibu baada ya majuma mawili: fomu imefutwa, mtunza ghala aendelee na kazi yake mpaka atakapostaafu, na meneja arudishwe semina, maana inaonekana kuna siku hakuielewa. Walinirudishia na barua yangu. Pale nilipotakiwa kueleza sababu, mjumbe mmoja alikuwa amepiga mstari kwa penseli na kuandika pembeni kwamba maelezo hayajitoshelezi. Nilikuwa nimeandika hivi: Mama yangu alifariki Jumatano asubuhi, tukamzika Jumatano alasiri, na hakuna aliyetoa taarifa saa ishirini na nne kabla, hata mimi.